Mbwa Akianza Kuyumba, Usikimbilie Kusema Kalishwa Sumu

Chui alikuwa mbwa wa shamba, si wa sebuleni. Kazi yake ilikuwa kufukuza ngedere na nguruwe pori wasimalize mihogo yangu, huku tunakopakana na Hifadhi ya Saadani, upande wa Pangani. Kila siku alikuwa msituni, na msituni kuna mbung'o. Hilo nililijua. Ila kichwani mwangu mbung'o alikuwa shida ya wenye ng'ombe.

Kilichoanza ni jicho. Asubuhi moja nikaliona la kushoto limeingia ukungu, weupe wenye ubluu kama maji yaliyodondoshewa maziwa. Nikasema swila kamtemea mate. Nikamsafisha kwa maziwa, kama wazee walivyotufundisha, nikaendelea na shughuli zangu. Wiki iliyofuata na la kulia likawa vilevile. Swila gani huyo anayetema jicho moja leo na la pili wiki ijayo? Sikujiuliza.

Baada ya hapo uso ukamvimba kidogo, chakula akawa anakinusa tu, mwili wa moto. Kisha miguu ya nyuma ikaanza kumtoka. Akitembea anapepesuka kama mlevi wa mnazi, akigeuka anaanguka. Majirani wakatoa hukumu zao: kalishwa sumu, kaingiwa na kichaa, na mmoja akasema ni kijicho, kwa kuwa Chui alisifiwa mno. Mimi nikafanya jambo la kipumbavu kuliko yote. Nilimwona anadondosha mate, nikadhani kakwamwa na mfupa, nikamfungua mdomo kwa mikono mitupu.

Hapo nisimame kidogo, maana ndipo penye hatari ya roho ya mtu. Mbwa yeyote anayeyumba, anayedondosha mate au aliyelegea taya, mchukulie kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka daktari wa mifugo aseme vingine. Mfungie peke yake, watoto wakae mbali, mkono usiingie mdomoni. Akikuuma, au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Mimi niliponea kwenye kadi: Chui alikuwa amechanjwa mwaka ule. Hata hivyo daktari alinigombeza kama mtoto.

Lakini kabla ya daktari nilipitia duka la dawa za mifugo. Kijana wa pale hakumpima wala hakumgusa. Alisema "hiyo ndorobo", yaani ugonjwa unaoletwa na mbung'o, akachanganya pakiti ya unga wa manjano wa ng'ombe, akavuta kwenye sindano kiasi alichoona kinatosha. Ugonjwa alipatia, nampa haki yake. Kipimo ndicho alichobahatisha. Pakiti ile ina gramu 1.05 za diminazini, ndiyo dawa yenyewe ya ndorobo, dozi ya ng'ombe wa kilo 300. Kwa miligramu 3.5 kwa kilo, mbwa wa kilo 18 kama Chui anahitaji miligramu 63, yaani sehemu moja tu kati ya karibu 17 za pakiti. Na mbwa hana uvumilivu wa ng'ombe kwa dawa hii. Ikizidi, inaharibu ubongo wenyewe: mbwa anapepesuka, macho yanacheza, anapata degedege, na wewe unadhani ni ugonjwa umepamba moto kumbe ni sindano. Kwa hiyo mbwa apimwe kwenye mizani kwanza, na anayechoma awe daktari.

Chui hakudhurika na sindano ile. Tena alipona! Alikula, alibweka, alirudi kufukuza ngedere. Nikawaringia majirani. Wiki ya nne akaanza kuzunguka duara, kila mara upande mmoja, akifika ukutani anaegemeza kichwa na kubaki hivyo. Usiku analia bila sababu.

Nikampeleka Tanga mjini. Daktari akamtoboa sikio, akaweka tone la damu kwenye kioo, akaniita kwenye hadubini. Nikaona chembe za damu zinasukumwasukumwa, na katikati yake vitu vyembamba vinajinyonganyonga kama mikunga. Tripanosoma, vimelea vya ndorobo anavyovibeba mbung'o. Akanieleza kwamba vimelea hivi hubadili joho lao la nje kila mara, kinga ya mwili ikishawatambua kwa joho hili, wengine wameshavaa jingine. Wanaanzia kwenye damu, wanaingia kwenye tezi na machoni, ndiyo maana ya ule ukungu, kisha wanapenya mpaka kwenye ubongo na maji yanayouzunguka. Huko ubongo unavimba. Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi, na diminazini haikivuki vizuri. Ilisafisha damu ya Chui, waliokwisha kujificha ubongoni wakabaki, kisha wakarudi. Kule kupona kulinidanganya.

Alikufa alfajiri, siku ya tatu baada ya safari ile.

Wanaoishi mbali na mbung'o wasijione wamepona. Kupe nao wana kimelea chao, babesia, kinachovunja chembe nyekundu za damu. Ufizi unapauka, mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi, na kwa mbwa wengine mishipa midogo ya ubongo inaziba. Huyo anaweza kuyumba, kupiga degedege na kuzimia ndani ya siku chache. Na kwa wafugaji: mtoto wa mbwa ambaye miguu ya nyuma inakakamaa ikanyooka kama fimbo, huenda ana neospora, aliyoipata tumboni mwa mama yake. Kimelea hichohicho hutupisha ng'ombe mimba. Kwa hiyo kondo la nyuma na ndama aliyetupwa, zika, usimtupie mbwa. Nyama mbichi ya mnyama aliyekufa porini nayo usimpe, maana hata tripanosoma mbwa anaweza kuipata kwa kula.

Sasa nina jike, Pili. Nimemvalisha kola yenye dawa ya wadudu, deltamethrini, na msituni haingii mchana, maana mbung'o anauma mchana. (Mwenye paka aulize kabla ya kununua dawa yoyote ya mbwa ya kuulia wadudu. Permethrini ya mbwa inamuua paka kwa kumshika mishipa ya fahamu.) Shambani nimetundika mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi, rangi zinazomvuta mbung'o. Unguja walimmaliza kabisa miaka ya 1990, kwa kurusha kwa ndege madume yaliyohasiwa kwa mionzi, na madume hayo yalifugwa hapahapa Tanga. Sisi tuliowafuga bado tunaumwa nao.

Kila Jumapili namfunua Pili mdomo, sasa najua kachanjwa na yu mzima, natazama ufizi kama una wekundu wake, nampapasa tezi chini ya taya, kisha namgeuzia uso kwenye jua nimtazame macho. Mwezi uliopita niliona la kulia lina utando kidogo. Maziwa sikuyagusa. Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye basi la Tanga, yeye kwenye tenga, mimi na kadi yake ya chanjo mfukoni. Damu ilikuwa safi. Ni mwiba tu ulimkwaruza.