Uliza Mwalimu wa Sanaa: Yule Simba Mtu wa Dukani

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nauza mahindi Kibaigwa. Nikija Dodoma mjini hununua vipuri vya mashine ya kukoboa kwa mzee mmoja Mhindu. Ukutani mwa duka lake kuna picha ya mtu mwenye kichwa cha simba, amemlaza mwanamume mapajani na anamtoa utumbo. Pembeni amesimama mtoto, ameunganisha viganja, wala hakimbii. Mzee mwenyewe ni mpole sana na kila asubuhi huifukizia udi picha hiyo. Mke wangu anasema lile ni pepo, nisiingie tena. Kile ni kitu gani?*
Msomaji, Kibaigwa

Marahaba, mwanangu. Endelea kununua vipuri vyako kwa amani, na umweleze mama watoto yafuatayo.

Huyo ni Narasimha. Wahindu wanaamini kwamba mungu wao Vishnu alilivaa umbo hilo ili kumwokoa mtoto uliyemwona pembeni, aitwaye Prahlada. Baba wa mtoto, mfalme Hiranyakashipu, alikuwa amepewa ahadi na Brahma, mungu muumbaji: asiuawe na mtu wala mnyama, mchana wala usiku, ndani wala nje, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Akalewa madaraka, akataka aabudiwe yeye. Mwanawe akakataa. Baba akajaribu kumuua mtoto wake wa kumzaa, kwa tembo, kwa sumu, kwa moto. Mwisho akamuuliza kwa dhihaka kama huyo Vishnu yumo hata ndani ya nguzo ya jumba. Akaipiga, nguzo ikapasuka. Aliyetoka hakuwa mtu wala mnyama. Jua lilikuwa linazama. Alimkamata mfalme, akaketi naye kizingitini, akamlaza mapajani na kumrarua kwa kucha.

Sasa ukirudi dukani itazame upya. Mapaja, kizingiti, kucha: kila kinachokutisha pale kinajibu kipengele kimoja cha ile ahadi.

Nimefundisha kuchora muda mrefu, na wanafunzi wetu wakiambiwa wachore uovu, mkono unakwenda wenyewe kwenye meno na kucha. Kwa hiyo namwelewa mkeo. Ila kwenye sanamu za Kihindu uliza kwanza ukali ule umemwelekea nani. Kuku mwenye vifaranga akimrukia mwewe, hakuna anayesema kuku huyo ana pepo. Kitabu chao cha Bhagavata Purana kinasimulia kwamba baada ya mauaji yale hata miungu waliogopa kumsogelea Narasimha, na Lakshmi mkewe pia. Aliyesogea ni mtoto. Akainama miguuni pake, naye akamwekea kiganja kichwani. Ndiyo maana yule wa pichani hakimbii.

Wachongaji walilijua jambo hili vizuri kuliko sisi tunaotazama haraka. Huko Badami, kusini mwa India, katika pango lililochongwa mwaka 578, Narasimha amesimama wima, ametulia, hana anayemrarua. Na Hampi, huko huko kusini, kuna sanamu yake ya jiwe moja, urefu wake mita 6.7, iliyosimikwa mwaka 1528 enzi za mfalme Krishnadevaraya. Ina macho yaliyotoka, kinywa kipana, na nyoka wa vichwa vingi amemfunika kama mwavuli. Wageni wengi wanaoiona leo huiita sanamu ya hasira. Lakini mwanzoni Lakshmi alikuwa ameketi pajani pake. Mji ulipoangushwa baada ya vita vya mwaka 1565, sanamu ilivunjwavunjwa na Lakshmi akatoweka. Umebaki mkono wake tu, umemkumbatia mumewe mgongoni. Kila ninapowaonyesha wanafunzi picha ya mkono ule, darasa zima linanyamaza. Mchongaji alichonga upendo na ukali kwenye jiwe moja, na waliovunja wakatuachia ukali peke yake.

Muulize na mzee wako. Mtu anayefukizia picha udi kila asubuhi atafurahi kuulizwa.

*Mwalimu, ninachonga mninga hapa Manyoni. Mteja anataka Durga, mungu wa kike wa Wahindu, mwenye mikono minane akimuua nyati. Nimfanyie uso wa hasira?*
Fundi, Manyoni

Hapana, fundi wangu. Tafuta picha ya Durga wa Mamallapuram, kusini mwa India, aliyechongwa kwenye mwamba karne ya 7. Amepanda simba, amevuta upinde, na uso wake umetulia kabisa. Mikono minane ni kwa sababu kila mungu alimpa silaha yake, basi muulize mteja anataka zipi. Adui ana kichwa cha nyati na mwili wa mtu. Bado hajafa, ila mwili wake umeanza kuegemea nyuma, na hapo ndipo unapoona nani anashinda. Weka nguvu zako kwenye mwegemeo huo. Na mikono uiachie nafasi kwenye gogo tangu mwanzo, maana ya kubandika baadaye itaachia mninga ukikauka.