Ndiyo, Nakaa Barrio

Mdogo wangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unasema juzi usiku mlikuwa mnatazama filamu ya Marekani, wauza unga wanakimbizana na polisi, na kila wakitaja pahala pao wanasema "barrio". Ukakumbuka kuwa na mimi nikipiga simu husema "leo sitoki, nipo barrio". Basi mkakaa kikao barazani mkakata shauri: dada anakaa kwenye vibanda huko Madrid, na anatuficha. Na ami akatia lake, kwamba ndiyo maana hela ya Ramadhani mwaka huu ilikuwa nyepesi.

Haya, nakujibu, na ami umsomee.

Hapa Uhispania barrio ni mtaa tu, wa mwenye nacho na asiye nacho. Baraza la jiji la Madrid limegawa mji huu wilaya 21, na ndani ya wilaya hizo mna barrio 131. Ukisema "barrio de Salamanca" watu wanafikiria maduka ambayo mlinzi ndiye anayekufungulia mlango. Kwenye karatasi Salamanca ni wilaya nzima, lakini hakuna anayejali. Lavapiés nayo, ambako Wasenegali na Wabangladeshi wamejaa, kila mtu anaijua na kwenye orodha ya jiji haimo, maana wameihesabu ndani ya barrio ya Embajadores.

Hiyo ya kwenye filamu ipo pia, sikatai. Marekani neno limeganda kwenye mitaa ya wanaosema Kihispania, na kule New York Wapuertoriko wameipa East Harlem jina la El Barrio. Mwenzangu wa Venezuela niliyekuwa nikigawana naye chumba alinihurumia siku ya mwanzo niliposema "barrio yangu", kwa sababu kwao Caracas barrio ni zile nyumba za matofali zilizopandana vilimani. Muargentina naye hana habari na barrio, cha kuogopwa kwao ni "villa", yaani mtaa wa vibanda, wakati hapa villa yaweza kuwa jumba lenye bustani na bwawa la kuogelea. Lugha moja hiyo, wenyewe kwa wenyewe hawaelewani.

Mimi neno hili lilinitia aibu kabla halijanifundisha kitu. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Ukutani ilikuwepo picha ya mumewe, masharubu kama ya askari wa zamani. Kihispania changu kilikuwa cha miezi mitatu. Nikamuuliza mzee yuko wapi. Akanijibu huku anamenya viazi: "Se fue al otro barrio." Kahamia mtaa mwengine. Mimi mtoto wa Unguja nikaelewa palepale: kaoa mke wa pili! Nikampa pole, nikamwambia hata kwetu wanaume ndio hivyohivyo, kisha nikamuuliza kama zamu yake huwa anakuja. Bibi alinitumbulia macho, halafu akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Kumbe huo "mtaa mwengine" ni akhera.

Na sikiliza hili. Kamusi yao kubwa inasema barrio ni Kiarabu cha Andalusia, "barri", maana yake cha nje. Waislamu walitawala sehemu za nchi hii toka 711 mpaka 1492, na Madrid yenyewe ilianza kwa ngome yao, Mayrit. Mzizi wa hiyo "barri" ndio uleule uliotupa sisi "bara". Yaani neno ambalo bibi yetu akilitamka hukunja pua, "watu wa bara hao", ndilo anuani yangu mimi. (Na "hasta" yao, ya kusema mpaka, ni "hata" yetu ya kizamani. Usinianzishe, nitakesha.)

Halafu nikawaza kwetu. Wakubwa Mji Mkongwe ndani ya nyumba za mawe, wengine ng'ambo ya hori kwenye udongo na makuti, pakaitwa Ng'ambo. Hori limefukiwa zamani, jina limebaki. Kwa hiyo nimezaliwa Ng'ambo, nikapanda ndege kwenda ng'ambo, na nilipofika nikafikia ng'ambo ya wenyewe.

Ninakokaa ni Puente de Vallecas. Vallecas ulikuwa mji wa peke yake mpaka Madrid ilipoumeza mwaka 1950. Miaka ile walimiminika watu wa mashamba kutoka Andalusia na Extremadura, hawana ruhusa ya kujenga. Yule bibi niliyemtunza alinihadithia: magharibi unaanza, ndugu na majirani wote wanapitishiana matofali gizani, ili alfajiri polisi wakija wakute paa limeshakaa. Wakikuta kuta tupu, wanabomoa. Leo ni majengo ya ghorofa, na wazee wa wakati ule wanakaa kwenye mabenchi jioni kama watu wa barazani kwetu. Kila Julai mtaa mzima unarushiana maji barabarani, wanadai Vallecas ni bandari! Bahari iko zaidi ya kilomita 300.

Sasa yanayouma. Chumba changu kinaingia kitanda na kabati, dirisha linatazama ukuta, yuro 420 kwa mwezi, zaidi ya theluthi ya mshahara. Vibanda si vibanda, lakini si mlivyokuwa mkidhani pia. Na mwenye nyumba wa mwanzo alinikatalia kuniandikisha kwenye "padrón", daftari la wakaazi wa jiji. Fikiria sheha akatae kukuandikia barua, na bila barua hiyo kadi ya hospitali ni taabu, na huna cha kuonyesha kuwa umekaa hapa miaka mingapi. Nimelipa kodi miezi saba katika barrio ambayo kiserikali sikuwepo. Hayo sikuwaambia kwa sababu mama angelia kwenye simu, na kadi ingekwisha bure.

Mwambie ami mshahara unaingia tarehe 5, nitatuma. Usimsomee hiyo ya mke wa pili, ataipenda mno.