Maswali ya wasomaji: mradi wa michikichi umefikia wapi?

Kijijini kwetu kuna bango la mradi wa utafiti wa michikichi lakini watafiti hatuwaoni tena. Nimuulize nani? (Msomaji, Simbo)

Usiishie kwa mtendaji wa kijiji. Soma kwenye bango ni taasisi gani inautekeleza. Kama ni TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, peleka barua kituo chake cha Kihinga, hapa Kigoma, na nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inawapa siku 30 kukujibu. Ila uliza maswali yanayojibika. Ukiandika "fedha zimeliwa?" utaambiwa hapana, na mambo yataishia hapo. Uliza bajeti iliyopitishwa ni kiasi gani, iliyopokelewa ni kiasi gani na ilipokelewa mwezi gani. Huo mwezi ndio muhimu: fedha za kupandia zikija mvua zimekatika, msimu umeshapotea, hata kama kila shilingi ina risiti.

Tunaambiwa miche maelfu imegawiwa. Si mafanikio hayo? (Msomaji, Kasulu)

Bado. Hiyo ni hesabu ya kitalu, si ya shamba. Tangu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokuja Kigoma kulifufua zao hili mwaka 2018 tunasomewa idadi ya miche. Tenera, michikichi chotara inayogawiwa, huanza kuzaa ikiwa na miaka mitatu hivi, kwa hiyo iliyotangulia imeshatoa majibu. Mingapi iko hai? Mingapi inazaa? Mkulima anakamua mawese kiasi gani? Taarifa isiyo na majibu hayo irudishwe kwa aliyeileta, na mahali pa kuirudishia ni mkutano mkuu wa kijiji. Nendeni, jamani, msiwaachie wazee watano na mwenyekiti.

Naweza kuotesha mbegu za tenera ya jirani? (wengi, kila mwezi)

Hapana! Nimeshaeleza na narudia. Tenera ni chotara ya aina mbili za michikichi, dura na pisifera. Ukiotesha mbegu zake, takribani robo hurudi kuwa dura, na robo nyingine pisifera, ambayo kwa kawaida haizai. Kitaluni hutazitofautisha kwa macho. Utakuja kujua siku ya kukata chikichi katikati: dura ina gamba nene, tenera ina gamba jembamba lililozungukwa na duara la nyuzi nyeusi. Anayekuuzia miche nje ya vyanzo vinavyotambulika anakuuzia miaka mitatu ya hasara.

Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) hutoka lini?

Kwa kawaida Aprili, ikishawasilishwa bungeni. Itafuteni wenyewe, msingoje kusimuliwa.

Watafiti walipima mihogo yangu, wakaondoka na daftari. Nidai nini? (Mama wa Uvinza)

Dai majibu, mama, tena kwa Kiswahili. Siku nyingine, kabla hawajaingia shambani, chukua majina, namba ya simu na tarehe ya kurudi, na mtendaji aandike. Kwa mihogo hili halisubiri. Ugonjwa wa michirizi kahawia unaweza kuozesha muhogo ardhini huku shina likionekana zima, na majirani wanakuja kukuomba pingili za kupanda. Mpaka majibu yafike, usimpe mtu.