Mwanamke wa Kitabuni Akiingia Kwenye Filamu

Maswali ya leo yametoka Bagamoyo na Tanga.

Nimesoma The Lord of the Rings baada ya kuiona filamu ya 2001. Mbona kitabuni siye yule mwanamke, Arwen, anayemwokoa mhusika mkuu Frodo mtoni? (Msomaji, Dunda, Bagamoyo)

Kitabuni ni Glorfindel, shujaa wa kiume, ndiye anayempandisha Frodo kwenye farasi wake. Mapenzi ya Arwen, wa jamii isiyokufa, na Aragorn, binadamu, mtunzi J.R.R. Tolkien aliyasimulia zaidi kwenye nyongeza, mwisho kabisa wa kitabu. Filamu haina nyongeza. Mtu usiyemjua mapema humlilii baadaye. Kwa hiyo naona watengenezaji wa filamu walifanya vyema kumpa Arwen kazi ile. Walimrekodi hata akipigana vita vya ngome ya Helm's Deep, kisha wakaviondoa vipande hivyo. Nawapongeza zaidi kwa hilo. Ushujaa wa Arwen ni kuyaacha maisha yasiyo na kifo ili aolewe na mtu atakayekufa, na upanga usingeuongezea kitu.

Na Tauriel, yule mwanamke shujaa wa filamu za The Hobbit, kitabu kingine cha Tolkien? Nimemtafuta kitabuni sikumwona. (Ngamiani, Tanga)

Hayumo. Kitabu cha 1937 hakina mwanamke hata mmoja katika safari ile. Tauriel aliingizwa kwenye filamu ya 2013. Kuongezwa kwake sikulaumu. Kinachoniuma ni kwamba alianza akiwa mkuu wa walinzi, anathubutu kumpinga mfalme wake, halafu hadithi yake wakaimaliza akimlilia mpenzi.

Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu kina wasichana wengi na tunataka kutengeneza filamu fupi ya riwaya ya Kusadikika. Karama, yule mshtakiwa, anaweza kuwa mwanamke? (Mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo)

Marahaba, mwanangu. Anaweza, tena natamani kuiona. Katika kitabu hicho cha 1951, Shaaban Robert, mwana wa Tanga, alijenga nchi nzima angani, lakini mshtakiwa, mshtaki na wajumbe sita wanaotumwa kisha wakafungwa, wote ni wanaume. Ila msibadilishe jina na nguo tu. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Karama akiwa mwanamke, mshtaki wake Majivuno angeanza kwa kuuliza nani kamruhusu kusema mbele ya wanaume, na baraza lingecheka. Andikeni kicheko hicho, na jibu lake. Msimpe machozi ambayo Karama wa kitabuni hakuyatoa, wala msimwongezee mchumba. Utetezi wake ni mrefu. Msiukate kwa kuwa sasa msemaji ni msichana.