Jibu: Mwekezaji anataka eneo letu Ngarenaro, tunaweza kutolewa?

Pole sana dada. Umesema mmeletewa barua kwamba eneo lenu "linatwaliwa", na mtaa mzima unajua anayekuja ni mtu binafsi wa kujenga maduka.

Kwanza soma barua inataja sheria gani. Anayetwaa ardhi ni Rais, kwa manufaa ya umma, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967. Kifungu cha 4 kinagusa hata kampuni, lakini hapo lazima Bunge lipitishe azimio na amri itoke kwenye Gazeti la Serikali. Ombeni namba ya tangazo hilo, kwa maandishi. Wasipokuwa nayo, mimi ningeihesabu hiyo barua kuwa ombi la kununua tu.

Sisi yalitukuta Majengo, Moshi. Mthamini alimpiga mama picha mlangoni kashika kibao cha namba, akaandika nyumba, akaondoka. Kisima na miparachichi mitatu ya nyuma havikuwemo kwenye fomu, na mama alishasaini. Iliniuma sana. Usisaini kabla hujazunguka naye kiwanja kizima, na fomu uipige picha.

Fidia si nyumba pekee: dai usumbufu, usafiri na pango la miezi 36. Kwa sheria ya uthamini ya 2016, malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe unaishia miaka 2.

Barua ina tarehe gani? Iweke hapa, ila ufunike majina.