Betri ya volti 12 haimrushi mtu, lakini inaunguza

Ndugu uliyeuliza kama betri ya volti 12 ya taa za kuvulia dagaa inahitaji kweli fyuzi, ilhali ukizishika nguzo zake kwa mikono miwili husikii chochote: ni kweli hutasikia, kwa kuwa volti hizo ni chache mno kupenya ngozi kavu. Hatari yake ni shoti, na hapa sizungumzii ile ya mtu kurushwa na umeme, ambayo nayo tunaiita shoti, bali chanya na hasi kugusana. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 ina ukinzani (kizuizi cha umeme) mdogo sana ndani yake. Hata tukiukadiria kuwa omu 0.01, mkondo wa shoti unaweza kufika ampea 1,200, wakati fundi anayechomelea mageti hutumia takribani 100 hadi 200.

Nilijifunza hayo Kibirizi, hapa Kigoma, na kosa lilikuwa langu. Nilimfungia mvuvi mmoja taa, nikaweka fyuzi kule juu karibu na taa, kwa sababu ndiko ilikokuwa rahisi kuibadilisha. Waya uliopita ubavuni mwa mtumbwi ulisuguliwa na kamba za wavu hadi shaba zikagusana, kati ya betri na fyuzi. Fyuzi haikukatika, wala isingeweza kukatika, maana mkondo haukupita kwake. Plastiki iliyeyuka mpaka betrini, wavu ukaanza kufuka moshi, na vibanio vilikuwa vya moto kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuvigusa. Bahati mtumbwi ulikuwa bado ufukweni; tuliukata waya kwa panga lenye mpini wa mbao.

Tangu siku hiyo fyuzi naiweka kwenye waya wa chanya, isizidi shubiri moja kutoka betrini, na ukubwa wake naufuatisha waya, si taa: waya wa milimita za mraba 2.5 naupa ampea 15. Anayeziba pengo la fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara hana fyuzi.

Wengi huogopa zaidi maji ya ziwa. Tanganyika ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na kwa volti 12 hayaleti shoti ya namna hii. Yataleta kutu kwenye vibanio.

Sanduku la betri nalo liwe na matundu. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa haidrojeni, ambayo huweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu ya hewa, kwa hiyo zima chaja kwanza ndipo utoe vibanio, visije vikatoa cheche. Ukishika spana, funika nguzo ya chanya. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha.