Biriani ya fenesi iliyomfanya shangazi aulize bucha

Jumapili iliyopita shangazi wa mume wangu alimaliza sahani ya kwanza ya biriani, akaongeza ya pili, akafuta mdomo, alafu akaniuliza mbuzi huyu nimemnunua bucha gani maana ni laini haswa. Hapo wapo mume wangu, wifi zangu wawili, na watoto wote wamekaa mkekani. Shangazi anajua kabisa mi sili nyama, ila alidhani safari hii nimewahurumia wageni. Nikamwambia, "Shangazi, hapo hamna mbuzi, hilo ni fenesi." Akachukua kipande kingine kwa vidole, akakichana nyuzi nyuzi, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akala.

Niliingia jikoni nikalia. Najua kuna watu watasema ni chakula tu, ila mniache nieleze.

Mi niliacha nyama Kwaresima ya 2021. Nilianza kama mfungo wa kawaida, Pasaka ikafika nikajikuta sina hamu nayo tena, miezi michache mbele nikaacha na mayai na maziwa, yani nikawa vegani kamili, asali pia situmii. Nyumbani kwangu mume akanielewa. Ukweni ndo ilikuwa shughuli. Krismasi ya mwaka ule ule shangazi alikuja kwangu na hotpoti lake, ndani kuku wa kukaanga na wali, akaliweka katikati ya meza yangu, pembeni ya chakula nilichoamka saa kumi alfajiri kukipika, akasema kwa sauti kwamba amekuja nacho ili mtoto wa kaka yake asife njaa kwenye nyumba inayopika majani. Watu wakacheka. Sufuria zangu zilibaki vile vile mpaka jioni nikawapa majirani.

Sasa nikiwa mkweli, chakula kile cha Krismasi kilikuwa kibaya. Sio kwa sababu hakikuwa na nyama. Ni kwa sababu nilikuwa napika kwa kuiga video za watu wa Ulaya na Marekani, nikaenda supamaketi nikanunua maziwa ya lozi na kipande kidogo cha chizi ya kivegani iliyotoka nje, hela niliyolipa ingenitosha mboga za wiki nzima, nikatengeneza kitu kama lazania ambacho hata mi mwenyewe nilikila kwa kujilazimisha. Nilidhani chakula cha hadhi lazima kiwe na jina gumu. Na kumbe bibi yangu Muheza alikuwa anapika vegani maisha yake yote bila kujua neno lenyewe! Mbaazi za nazi, kisamvu cha nazi, bada la muhogo, mchicha, vitumbua vya mchele na nazi na hiliki. Nyama kwake ilikuwa ya sikukuu. Sa mi natoka kwenye mikono ya mwanamke kama huyo naenda kununua lozi?

Basi nilirudi Muheza mara mbili mwaka uliofuata nikakaa naye jikoni. Nitawapa nilichokipata pale.

La kwanza ni tui, na hapa ndo wengi mnaharibu. Kuna nazi yako kwa mbuzi, weka maji ya uvuguvugu kidogo tu, kamua, hilo ni tui zito, liweke pembeni usiliguse. Rudia maji mara ya pili na ya tatu, hilo jepesi ndo la kupikia, mboga au maharage yaivie humo taratibu. Tui zito linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, na unakoroga bila kuacha mpaka lianze kutokota, ukiliacha lichemke peke yake linakatika na mafuta yanapanda juu na mchuzi unakuwa kama maji ya mchanga. Bibi alinipiga mkono na mwiko siku niliyotaka kumimina yote kwa pamoja. Usiwe na haraka. Kopo la tui la dukani linasaidia siku ya kazi ila kwa mgeni kuna nazi, utofauti mtu anausikia hata kama hawezi kuutaja.

Pili ni fenesi lenyewe. Linatakiwa bichi kabisa, kokwa bado laini kisu kinapita, sio lile linalonukia. Mara ya kwanza nilichukua lililoanza kuiva nikapata biriani tamu kama jamu, nikamwaga sufuria nzima. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla hujakata, ule utomvu ukigusa mkono mkavu utahangaika siku mbili. Kata vipande vikubwa, chemsha na chumvi na manjano mpaka uma uingie, kwangu ilichukua kama dakika 40, alafu chuja ukamue maji kwa mkono. Kamua haswa! Maji yakibaki ndani viungo haviingii. Baada ya hapo nalaza usiku kucha kwenye tangawizi, kitunguu saumu, bizari nzima, pilipili manga, mdalasini na ndimu, asubuhi nakaanga kwenye mafuta mpaka ukingo uwe wa kahawia ndo naingiza kwenye rojo. Ukiruka kukaanga fenesi linavurugika linakuwa uji.

Rojo la biriani pwani linataka mtindi, wote tunajua. Mi nimeweka korosho. Nazilowesha usiku, nasaga na maji kidogo na ndimu mpaka ziwe laini kama krimu, hiyo inafanya kazi ya mtindi na inazidi, kwa sababu ina uzito wake. Korosho za Mtwara tunazo hapa hapa halafu watu wanaagiza vikopo vya nje, kwa kweli inaniuma. Vitunguu vya kukaanga weka vingi kuliko unavyodhani, vikauke viwe vya dhahabu, uvivunje kwa mkono juu ya rojo.

Na kile kilichomdanganya shangazi hasa ni moshi. Rojo likishaiva, chukua kipande kimoja cha mkaa uliowaka mwekundu, kiweke kwenye kibakuli cha chuma katikati ya sufuria, dondoshea mafuta kijiko kimoja, funika haraka dakika 5 bila kufunua. Ukifunua nyumba nzima inanukia choma.

Uchachu nao ni muhimu, chakula cha mimea kisicho na uchachu kinapooza mdomoni. Ndimu, ukwaju, embe bichi, chagua kimoja. Wengi wakiona chakula hakina ladha wanaongeza chumvi, kumbe kinahitaji ukwaju.

Kingine nisichopenda kukificha, fenesi linafanana na nyama kwa macho na mdomo ila protini yake ni ndogo, usimlishe mtu fenesi tupu ukasema umempa mbadala wa nyama. Pembeni siku ile nilikuwa na dengu na kachumbari, na wiki nzima nyumbani tunakula maharage, mbaazi, choroko na karanga. Na vitamini B12 huwezi kuitegemea kwenye mboga, mi nilipuuza zaidi ya mwaka, nikawa nachoka na vidole vinakufa ganzi, nilipopima ikaonekana iko chini sana. Saivi nameza vidonge vyake na wala sioni aibu. Ukiamua kuwa vegani, anza navyo mapema, usisubiri ganzi.

Jamani wadada, na nyie kaka zangu mnaopika, acheni kuwahutubia watu mezani. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nahutubia kila nikialikwa, naeleza habari za ng'ombe na za afya mpaka chakula kinapoa, na sikumbadilisha hata mtu mmoja. Hawa hawa ndo juzi wamekomba sinia. Pika vizuri, weka mezani, nyamaza. Wakiuliza ndo ueleze. Usipike cha pembeni cha kwako peke yako halafu cha wageni tofauti, kwa sababu siku utakayokubali chakula chako kiwe cha pembeni na wao watakiona hivyo hivyo. Mi nilikubali muda mrefu mno. Nilikuwa naleta kibakuli changu kwenye shughuli za ukweni nakula kona kama mgonjwa. Hapana. Mimina sufuria kubwa, weka katikati.

Shangazi siku ile hakuniomba msamaha, na sikutegemea. Alipokuwa anaondoka aliniuliza kama kuna kilichobaki, akafungua mkoba wake akatoa hotpoti. Lile lile la Krismasi, lenye maua mekundu kwenye mfuniko. Nikalijaza mpaka juu.

Jana kanipigia simu. Mjukuu wake ana kipaimara mwezi ujao, nimeambiwa nilete sufuria mbili. Nimeshaagiza mafenesi Muheza.